Nani Hulipia Kufa kwa Kiwango: Kadi za Grafiki kutoka VGA hadi UEFI

Kadi ya grafiki ni sehemu ya kompyuta inayopokea maagizo kutoka kwa prosesa, ikayageuza kuwa picha, kisha ikaipeleka picha hiyo kwenye skrini. Na ili kazi hiyo ifanyike, kadi lazima ikubaliane na pande tatu ambazo zimetengenezwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Inakubaliana na bodi mama, yaani ule ubao mkuu unaobeba prosesa na kumbukumbu, juu ya umbo la tundu inamochomekwa na kasi ya data inayopita humo. Inakubaliana na skrini juu ya aina ya ishara itakayosafiri ndani ya waya. Na inakubaliana na programu juu ya lugha ya kupeana maagizo tangu kompyuta inapowashwa. Makubaliano hayo yanapoandikwa na kufuatwa na kampuni nyingi ndipo huitwa kiwango, na kiwango kinapoondolewa, kifaa kizima kisicho na kasoro hata moja kinaweza kukosa matumizi kwa sababu tu aliyekuwa akielewana nacho hayupo tena.

Historia ya viwango hivi kwa kawaida husimuliwa kama kupanda ngazi, ambapo kila kipya ni bora kuliko kilichotangulia na kila cha zamani kiliondoka kwa kuwa muda wake ulifika. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayagusi swali la nani aliyechagua tarehe ya kuondoka na nani aliyebeba gharama. Ukichunguza kwa karibu jinsi viwango vya kadi za grafiki vilivyokufa tangu 1981, unaona kwamba sababu za kiufundi hueleza kwa nini kiwango kitaondoka siku moja, ilhali siku yenyewe, na namna ya kuondoka, huamuliwa na nguvu ambayo mnunuzi anayo mbele ya mtengenezaji.

IBM ilipoleta kompyuta yake binafsi mwaka 1981, ilikuja na kadi mbili: MDA, iliyoonyesha maandishi pekee, na CGA, iliyoweza kuonyesha rangi 4 kwa pamoja katika picha ya pikseli 320 kwa 200, pikseli zikiwa ni vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Mwaka 1984 ilifuata EGA, yenye rangi 16 zilizochaguliwa kutoka katika 64. Idadi hiyo ya 64 haikutokea kwa bahati. Skrini za wakati huo ziliunganishwa kwa ishara ya kidijitali, ambayo kila waya hubeba ama ndiyo ama hapana, na nyaya 6 za rangi haziwezi kutoa zaidi ya michanganyiko 64. Kwa hiyo IBM ilipozindua VGA tarehe 2 Aprili 1987 pamoja na kompyuta zake za PS/2, iliiacha ishara ya kidijitali na kuchukua ya analojia, ambayo volti katika waya hupanda na kushuka pole pole kadiri rangi inavyokolea au kufifia. Nyaya tatu za rangi nyekundu, kijani na bluu ziliweza sasa kubeba rangi 262,144, ambazo 256 kati yake zilionekana kwa pamoja. Skrini za CGA na EGA, zenye plagi ya pini 9, hazikuweza kuunganishwa na kadi mpya yenye tundu la pini 15. Inafaa jambo hili likumbukwe na kila anayeamini kwamba dijitali daima ni hatua ya mbele ya analojia, kwa sababu mwaka 1987 maendeleo yalikwenda upande wa pili, na sababu zake zilikuwa nzuri.

Mwaka huo huo IBM ilijaribu jambo jingine ambalo halikufaulu, na kushindwa kwake kunafundisha zaidi kuliko ushindi wa VGA. Kompyuta za PS/2 zilikuja na tundu jipya la kuchomekea kadi, lililoitwa Micro Channel, ambalo kwa ufundi lilikuwa bora sana kuliko tundu la zamani la ISA lililoanza na kompyuta ya 1981 na kupanuliwa mwaka 1984. Hata hivyo Micro Channel haikupokea kadi yoyote ya zamani, na kampuni nyingine zilizotaka kuitumia zilitakiwa kuilipa IBM ada. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zilijibu kwa kutangaza kiwango chao, EISA, ambacho tundu lake lilipokea kadi mpya na za zamani pia. EISA yenyewe haikuenea sana nje ya seva, lakini ilitosha kuwapa wanunuzi mahali pa kukimbilia, na IBM, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, iliishia kuiacha Micro Channel katika miaka ya 1990. Tundu bora lilishindwa na tundu dhaifu, kwa kuwa wenye kadi za zamani walikuwa wengi na walikuwa na pa kwenda.

Kampuni ya Intel ilijifunza. Ilipoleta tundu la PCI mwaka 1992, lenye uwezo wa kupitisha megabaiti 133 kwa sekunde, haikuwataka watu waachane na ISA mara moja. Bodi mama za muongo ule zilibeba matundu ya aina zote mbili bega kwa bega, mtu akichomeka kadi mpya ya grafiki katika PCI na kadi yake ya zamani ya sauti katika ISA. Mwongozo wa usanifu wa kompyuta ulioandikwa na Intel pamoja na Microsoft kwa ajili ya mwaka 1999, ambao ndio pia uliolipa tundu la VGA ile rangi yake ya bluu inayofahamika hadi leo, ulitaka ISA iondolewe baada ya miaka hiyo yote ya kuishi bega kwa bega.

AGP ilikuwa na kisa kingine. Michezo ya kompyuta yenye picha za pande tatu ilipoenea katikati ya miaka ya 1990, kadi ya grafiki ilianza kudai data nyingi kuliko PCI ilivyoweza kupitisha, hasa kwa kuwa PCI iligawanywa na vifaa vingine vyote. Intel ikabuni tundu moja la pekee kwa ajili ya grafiki, likaonekana katika bodi mama za mwaka 1997, likianza na megabaiti 266 kwa sekunde na kuongezwa maradufu mara tatu hadi kufikia 2,133. Kila hatua ilibaki na jina lile lile la AGP, ingawa ndani yake volti ya ishara ilishuka kutoka 3.3 hadi 1.5 na hatimaye 0.8, na mnunuzi alitegemea mikato midogo katika ukingo wa kadi kumzuia asichomeke kadi ya volti ya juu katika bodi ya volti ya chini na kuiunguza. Mikato hiyo haikutengenezwa kwa usahihi na kila mtengenezaji, na mafundi wa enzi hizo walijifunza kusoma maandishi ya bodi kabla ya kuamini umbo la tundu. Jina moja linapobandikwa juu ya vitu vitatu visivyopatana kikamilifu, kiwango kinakuwa kimeanza kuondolewa bila tangazo.

Kikomo cha AGP kilitokana na umbile lake. Data ilipita katika nyaya 32 zilizokwenda sambamba, mithili ya wapagazi 32 wanaobeba vipande vya mzigo mmoja na kutakiwa wafike mlangoni kwa pamoja. Kadiri mwendo unavyoongezwa, ndivyo tofauti ndogo ya urefu wa njia inavyomfanya mmoja achelewe na mzigo wote ukawa haufungiki. PCI Express, iliyoanza kuonekana katika bodi mama za Intel mwaka 2004, iliachana na mwendo huo wa pamoja. Kila njia yake hubeba data mfululizo, biti moja baada ya nyingine, na hubeba pia mapigo yake yenyewe ya saa, hivyo haihitaji kumsubiri jirani. Njia moja ya toleo la kwanza ilipitisha megabaiti 250 kwa sekunde kila upande, na kadi ya grafiki ilipewa njia 16, yaani megabaiti 4,000 kwenda na 4,000 kurudi. Hakuna mhandisi mwenye nia njema ambaye angetetea AGP mbele ya hesabu hiyo.

Hata hivyo AGP haikufa mwaka 2004. Intel iliiacha nje ya chipu zake mpya mwaka huo, lakini kampuni mbili zilizotengeneza kadi nyingi zaidi, NVIDIA na ATI, zilijua kwamba mamilioni ya wateja wao walikuwa bado na bodi za AGP na fedha mfukoni. Zikatengeneza chipu za daraja, ambazo NVIDIA iliiita ya kwake HSI na ATI ikaiita Rialto, zilizokaa juu ya kadi na kutafsiri kati ya PCI Express na AGP, kiasi kwamba kadi iliyobuniwa kwa tundu jipya iliuzwa pia kwa wenye tundu la zamani. Kadi za namna hiyo ziliendelea kutoka kwa miaka kadhaa. Radeon HD 3850 ya AGP iliuzwa mwaka 2008, miaka minne baada ya mrithi wake kuingia sokoni. Daraja hilo halikujengwa kwa huruma. Lilijengwa kwa sababu mwenye bodi ya zamani alikuwa ndiye mnunuzi wa kadi mpya, na aliyeamua kumwacha angemwachia mshindani wake.

Hali ilikuwa tofauti kabisa ilipofika zamu ya VGA. Tarehe 8 Desemba 2010, kampuni sita zilitoa tangazo la pamoja: AMD na Intel kwa upande wa watengenezaji wa chipu, Dell na Lenovo kwa upande wa kompyuta, Samsung na LG kwa upande wa skrini. Zilisema kwamba zitaharakisha kuachana na VGA na LVDS, hii ya pili ikiwa ni ishara iliyotumika ndani ya kompyuta mpakato kuunganisha bodi na skrini yake, na kwamba nafasi zao zitachukuliwa na HDMI na DisplayPort. Intel iliweka mwaka 2013 kwa LVDS na 2015 kwa VGA, na AMD nayo ikapanga kumaliza VGA kufikia 2015.

Sababu za kiufundi zilizotolewa zilikuwa za kweli. Picha ndani ya kadi ni namba, na ili itoke katika VGA lazima kigeuzi kizigeuze namba hizo kuwa volti. Skrini za zamani zenye kioo kizito cha bomba zilizihitaji volti hizo moja kwa moja, lakini skrini bapa za LCD huzigeuza tena kuwa namba, na kila kugeuza kunapoteza ukali wa picha. Zaidi ya hapo, chipu hupunguzwa ukubwa kizazi baada ya kizazi, na saketi za kidijitali hukubali kupungua ilhali saketi za analojia haziwi ndogo kwa kasi hiyo, kwa hiyo kigeuzi kile kilizidi kuwa mzigo wa nafasi na umeme katika chipu ambayo kila milimita yake ina bei. Mtu angeweza kutetea uamuzi huo kwa hoja hizo peke yake.

Lakini zilikuwepo sababu nyingine ambazo hazikupewa uzito ule ule mbele ya umma. Ishara ya analojia ya VGA haifungwi kwa siri, maana yake ni kwamba yeyote anayeipata katika waya anaweza kuirekodi, na wenye studio za filamu walikwisha kuona hilo kama upenyo unaovuja mali yao. HDMI na DisplayPort, kinyume chake, hubeba mfumo wa kufunga picha uitwao HDCP, uliobuniwa na Intel, ambao huifanya kadi iiulize skrini kama imeruhusiwa kabla ya kuonyesha filamu. Mkataba wa leseni wa vichezeshi vya Blu-ray ulikwenda sambamba na mwelekeo huo: vichezeshi vipya baada ya mwisho wa 2010 vilizuiwa kutoa picha ya ubora wa juu kwa analojia, na baada ya mwisho wa 2013 havikuruhusiwa kuwa na tundu la picha la analojia hata kidogo. Mwalimu mwenye projekta ya VGA hakuwa mshiriki wa ugomvi huo kati ya studio na wanaorekodi filamu, ila aliishi kwa matokeo yake.

Utekelezaji ulikwenda karibu na ratiba. Kadi ya AMD Radeon R9 290X ya mwaka 2013 iliondoa ishara ya analojia iliyokuwa bado imejificha katika tundu la DVI. Prosesa za Intel za kizazi cha Skylake, mwaka 2015, hazikuwa tena na VGA ya asili, na mtengenezaji wa bodi aliyeitaka alilazimika kuongeza chipu ya kugeuza. Nayo NVIDIA ilifanya vivyo hivyo mwaka 2016 kwa GeForce GTX 1080. Ndani ya miaka mitatu hivi, kiwango kilichoishi karibu miaka 30 kilitoka katika kadi mpya za soko la kawaida.

Hapa ndipo tofauti na AGP inapojitokeza wazi. Aliyekuwa na bodi ya AGP alinunua kadi mpya, kwa hiyo alikuwa mteja wa yule anayeamua. Aliye na projekta au skrini ya VGA hakuwa mteja wa mtengenezaji wa chipu. Alikuwa na kifaa alichokwisha kukilipia miaka mingi iliyopita, ambacho hakimwingizii Intel wala AMD hata senti moja. Kompyuta ya ofisi hubadilishwa baada ya miaka minne au mitano, projekta iliyofungwa darini mwa ukumbi wa mihadhara hudumu mara mbili ya muda huo, na waya uliozikwa ukutani kwa ajili yake hudumu kadiri ukuta unavyodumu. Kiwango kinapoondolewa kwa mwendo wa sehemu inayozeeka haraka, gharama humwangukia mwenye sehemu inayozeeka taratibu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana kipimo chao cha kulinganisha, kwa sababu eneo hili lilipitia uhamaji wa namna hiyo katika miaka ile ile. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa ulinzi wa masafa ya televisheni ya analojia katika sehemu kubwa ya Afrika, na Tanzania ikatangulia kwa kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Ving'amuzi viliingia sokoni, bei zake zikalalamikiwa, na nchini Kenya suala lilifika mahakamani, ambapo vituo vikubwa vya binafsi vilikaa bila kutangaza kwa siku nyingi mwanzoni mwa 2015. Uhamaji huo ulikuwa na makosa mengi, na wapo waliobaki gizani kwa muda mrefu. Pamoja na hayo, ulijadiliwa: serikali ilitakiwa kujieleza, mahakama zilisikiliza, magazeti yaliandika, na mwananchi alijua tarehe, chombo anachotakiwa kununua na mtu wa kumlalamikia. Tundu la VGA liliondolewa kwa tangazo la kampuni sita, na hapakuwa na kikao chochote ambacho mwenye projekta angeweza kuhudhuria.

King'amuzi cha VGA ni adapta, na kwa kuwa ndicho kifaa ambacho shule na ofisi nyingi zitaendelea kukinunua, inafaa utendaji wake ueleweke. HDMI hutoa namba na VGA hupokea volti, kwa hiyo kati yao lazima pawe na chipu ya kugeuza yenye umeme wake. Waya mtupu wenye plagi ya HDMI upande mmoja na ya VGA upande wa pili, usio na chipu ndani, hauwezi kufanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida hata ukiuzwa kwa ahadi gani. Adapta pia ina mwelekeo: inayotoa HDMI kwenda VGA haiwezi kugeuzwa ikatoa VGA kwenda HDMI. Na kwa kuwa upande wa VGA hauna kufuli la HDCP, filamu iliyolindwa inaweza kukataa kuonekana kupitia adapta nzima isiyo na hitilafu, jambo ambalo limewafanya watu wengi watupe adapta zao bure.

Soko la kompyuta zilizotumika hufanya athari hizi zichelewe, si zipungue. Mashine zinazoletwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kutoka Ulaya, Marekani na Dubai baada ya kumaliza kazi katika ofisi za huko zilikuwa kwa muda mrefu ni zile za kabla ya 2015, ambazo nyingi zilikuwa na VGA na DisplayPort kwa pamoja, na ndizo zilizowafanya wanunuzi wa hapa wasione haja ya kuwa na wasiwasi. Mashine za miaka iliyofuata, ambazo ndizo zinazoingia sasa, mara nyingi zina DisplayPort au HDMI pekee. Uamuzi wa Desemba 2010 unafika madarasani miaka kumi na zaidi baadaye, na kwa anayekutana nao leo unaonekana kama hitilafu ya kompyuta.

Makubaliano ya tatu, yale ya kadi na programu, ndiyo yanayovunjwa kwa ukimya zaidi, kwa kuwa hayana tundu linaloonekana kwa macho. Kompyuta inapowashwa, kabla mfumo endeshi haujaamka, lazima kuwe na programu ndogo ya kuchora picha ya kwanza kwenye skrini. Katika kadi za zamani programu hiyo ilifuata utaratibu uliorithiwa kutoka kwa IBM, na katika kompyuta za sasa inafuata utaratibu wa UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, ambapo sehemu inayoshughulikia picha huitwa GOP. Kwa miaka mingi bodi mama ziliwekewa daraja liitwalo CSM, lililoiwezesha bodi ya UEFI kuielewa kadi ya zamani. Mwaka 2017 Intel ilitangaza kwamba inakusudia kuliondoa daraja hilo kufikia 2020. Matokeo yake ni kwamba kadi nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2012 au karibu na hapo, zikichomekwa katika bodi mpya ambayo tundu lake la PCI Express ni la umbo lile lile, huacha skrini nyeusi. Kadi ni nzima, inaingia tunduni, umeme unafika, na picha haitoki. Sababu za usalama zilizotolewa, yaani kuzuia programu hasidi zisijipenyeze wakati wa kuwasha, ni nzito na zinastahili kuheshimiwa. Lakini mnunuzi wa bodi hiyo angalau alistahili kuelezwa jambo hilo juu ya boksi.

Kisha kuna draiva, yaani programu inayoufundisha mfumo endeshi jinsi ya kuiamuru kadi. Kadi isiyopata draiva mpya huendelea kufanya kazi kwa muda, ila matundu ya kiusalama yanayogunduliwa baadaye hayazibwi, na programu mpya huanza kuikataa moja baada ya nyingine. AMD ilisitisha matoleo ya kawaida kwa kadi za Radeon R9 Fury mwezi Juni 2021, miaka sita tu baada ya kuzizindua. NVIDIA ilikuwa na subira zaidi kwa kadi za kizazi cha GTX 1080 za mwaka 2016: ilitangaza mwaka 2025 kwamba matoleo ya kawaida yangekoma Oktoba mwaka huo na marekebisho ya usalama yangeendelea hadi Oktoba 2028. Miaka 12 kutoka kuzinduliwa hadi mwisho wa ulinzi ni muda wa haki, na tarehe iliyotajwa mapema ni heshima kwa mnunuzi. Miaka sita ni michache mno kwa kifaa kisicho na sehemu inayozunguka zaidi ya feni.

Upo mfano unaoonyesha kwamba kukatwa huko si lazima. Katika mfumo endeshi wa Linux, draiva za kadi nyingi huandikwa kwa uwazi, maana yake ni kwamba maelezo yake yanaweza kusomwa na kurekebishwa na yeyote mwenye ujuzi, awe mfanyakazi wa kampuni au mtu anayejitolea. Mradi wa Mesa, unaokusanya draiva hizo, umeendelea kubeba draiva ya r300, ambayo huhudumia kadi za familia ya Radeon 9700 ya mwaka 2002, kadi ambazo nyingi kati yake ni za AGP. Mesa nayo ina mipaka: mwishoni mwa 2021 iliziondoa katika tawi lake kuu draiva kongwe zaidi. Hata hivyo haikuzifuta, ilizihamishia katika tawi la pembeni ambako anayezihitaji bado anazipata. Mtengenezaji aliyekwisha kuacha kupata faida kutokana na kadi fulani hapotezi kitu kikubwa akiuachia umma maelezo ya jinsi ya kuiendesha, na pale ambapo AMD ilifanya hivyo, wenye kadi zake walipata miaka mingi ambayo kampuni yenyewe isingewapa.

Gharama ya kutofanya hivyo haiishii katika mfuko wa mnunuzi. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na kwamba asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Kila kadi nzima inayotupwa kwa kukosa draiva au GOP huingia katika rundo hilo, na nafasi yake huchukuliwa na nyingine inayohitaji metali mpya, ikiwemo tantalumu ya kapasita, ambayo madini yake ya koltani huchimbwa kwa jembe na mikono Rubaya, Kivu Kaskazini, miongoni mwa watu wanaozungumza Kiswahili kila siku.

Wanunuzi wa umma katika ukanda huu, yaani wizara, vyuo vikuu na halmashauri, hununua kompyuta kwa mamia kwa wakati mmoja, na zabuni ndiyo sauti waliyonayo. Zabuni inaweza kudai itajwe tarehe ya mwisho ya draiva za usalama kwa kadi inayouzwa. Inaweza kudai adapta yenye chipu kwa kila kompyuta itakayounganishwa na projekta ya zamani, ikiwa ndani ya bei ile ile. Na inaweza kudai muuzaji aeleze kama bodi itawaka na kadi zilizopo tayari stoo. Hakuna lolote kati ya hayo linaloomba teknolojia irudi nyuma, na maofisa ugavi wanaoandika zabuni za mwaka ujao wanaombwa wayaweke.

Kwamba sauti ya namna hiyo husikika, ushahidi upo ndani ya kampuni zile zile za Desemba 2010. Dell na Lenovo zilitia majina yao katika tangazo la kuiaga VGA, lakini seva zao za kisasa, mashine za bei kubwa zinazojaza vituo vya data, zimeendelea kuuzwa zikiwa na tundu la VGA. Wanaonunua seva wana makabati yaliyojaa skrini na swichi za VGA, hununua mashine nyingi kwa mara moja, na wana wauzaji wengine wa kuwaendea. Kwa hiyo tundu la bluu la pini 15 bado liko pale.